Abu Huraira (r.a.), Mgeni wa Msikiti



Ndugu zangu wasomaji, niliombwa niandike maisha ya Swahaba mmoja katika toleo hili, na najua mhariri alitarajia Khalid bin Walid, kwa kuwa ndiye ninayemzungumza kila tunapokaa. Nimemchagua Abu Huraira. Sababu nitaieleza huko mbele, na si sababu ya kujivunia.

Jina lake sote tunalijua. Katika darasa la Hadithi tunalitaja karibu kila siku. Hadithi zilizohesabiwa kutoka kwake katika Musnad ya Baqi bin Makhlad ni 5,374, pamoja na zilizorudiwa. Tunaandika jina lake mwanzoni mwa mstari, tunaweka r.a. katika mabano, kisha tunakimbilia matini kwa sababu ndiyo inayokuja kwenye mtihani. Ni mara chache tunauliza mtu huyu alikuwa akilala wapi. Jibu ni kwamba alilala msikitini, kwa sababu hakuwa na mahali pengine.

Alikuwa mtu wa kabila la Daws, katika upande wa Yemen. Jina alilopewa na wazazi wake wanachuoni wamelihitilafiana sana. Lililo mashuhuri ni kwamba katika Uislamu aliitwa Abdur-Rahman bin Sakhr. Jina la Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, alilipata kwa sababu alikuwa akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake na alikuwa na paka mdogo. Usiku akimweka juu ya mti, mchana akicheza naye. Alikua yatima. Alipopata nguvu za kufanya kazi aliajiriwa na Busra bint Ghazwan, na ujira wake ulikuwa chakula cha tumbo lake na zamu ya kupanda mnyama wakiwa safarini. Wakipiga kambi huwakusanyia kuni, wakipanda huwaimbia ngamia. Baadaye sana, mambo yalipogeuka, alimwoa bibi huyo huyo, na alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kumshukuru Allah.

Uislamu uliwafikia Wadaws kupitia kwa Tufayl bin Amr. Mwaka wa 7 wa Hijra Abu Huraira aliondoka kwao kwenda Madina, akiwa mtu wa miaka kama thelathini. Njiani yeye na mtumwa wake walipotezana. Walipofika Madina walimkuta Mtume (s.a.w.) ameshatoka kwenda Khaybar, na aliyeachiwa mji ni Siba' bin Urfuta. Wakaswali Alfajiri nyuma yake, naye akawapa masurufu ya kuwafikisha Khaybar. Baadaye, Abu Huraira akiwa mbele ya Mtume (s.a.w.) baada ya kumpa ahadi yake, yule mtumwa aliyepotea akatokea. Mtume (s.a.w.) akamwonyesha kwamba mtumwa wake huyo hapo. Abu Huraira akamwacha huru papo hapo kwa ajili ya Allah. Kwa hiyo mali aliyoingia nayo katika maisha mapya ilikuwa ni mtu mmoja, na huyo naye akamwachia aende zake.

Huko Madina hakuwa na ukoo wa kumpokea. Kulikuwa na utaratibu kwa watu wa namna hiyo, na huo ndio ninaotaka tuutazame vizuri, kwa sababu tunausoma haraka mno.

Qibla kilipogeuzwa kutoka Baitul Maqdis kwenda Makka, katika mwaka wa 2 wa Hijra, upande wa kaskazini wa msikiti wa Mtume uligeuka kuwa nyuma. Paa la makuti likaachwa pale, na chini yake wakawekwa Waislamu waliokuja mjini bila nyumba, bila jamaa na bila mali. Mahali hapo ndipo palipoitwa Swuffa. Swahaba mmoja, Talha bin Amr, amesimulia kwamba mgeni akifika Madina, akiwa ana mtu anayemfahamu hufikia kwake; asiyekuwa na mtu huenda Swuffa. Idadi yao haikuwa moja siku zote. Wengine waliingia, wengine walioa wakahama, wengine walitoka vitani wasirudi. Abu Huraira alisema aliwaona sabini miongoni mwao, hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguo ya juu na ya chini. Kila mmoja alikuwa na kipande kimoja tu, amekifunga shingoni. Kwa wengine kiliishia katikati ya muundi, kwa wengine karibu na vifundo vya miguu, na mtu alikikusanya kwa mkono wake asije akaonekana tupu yake.

Sasa, mtu akisikia hivi anadhani walitupwa pale wakaachwa na riziki ya bahati. Haikuwa hivyo. Sadaka ikimfikia Mtume (s.a.w.) aliipeleka kwao yote, yeye mwenyewe hakuila. Zawadi ikimfikia aliwaita wale pamoja naye. Kulikuwa na hesabu ya jioni: mwenye chakula cha watu wawili achukue wa tatu, mwenye cha wanne achukue wa tano au wa sita. Usiku mmoja unaotajwa katika Bukhari, Abu Bakr alichukua watatu na Mtume (s.a.w.) akachukua kumi. Imepokewa kwamba Sa'd bin Ubada alikuwa akienda nao nyumbani hata watu themanini. Wenye mitende waliagizwa watundike vichala vya tende msikitini kwa ajili ya maskini. Ubada bin Swamit aliwafundisha baadhi yao kuandika na kusoma Qur'ani. Na Bi Fatima (r.a.) alipokuja kwa baba yake kuomba mtumishi, mikono yake ikiwa imechakaa kwa kusaga, jibu alilopewa katika riwaya ya Imam Ahmad ni kwamba hawezi kumpa yeye na kuwaacha watu wa Swuffa matumbo yao yamejikunja kwa njaa. Binti yake mwenyewe, ndugu zangu.

Pamoja na hayo yote walikuwa na shida. Huyo Talha amesimulia kwamba sehemu yao ilikuwa kibaba kimoja cha tende kwa watu wawili kwa siku. Siku moja mmoja wao akasimama akalalamika mbele ya Mtume (s.a.w.) kwamba tende zimewaunguza matumbo na nguo zao zimechanika. Napenda sana riwaya hii. Mtu anayelala kwa hisani ya msikiti alithubutu kusimama na kusema chakula mnachonipa kinaniumiza tumbo, wala hakuna aliyemwambia anyamaze, ashukuru kwa alichopata. Mtume (s.a.w.) aliwajibu kwa kuwasimulia njaa aliyoipitia yeye mwenyewe, siku zaidi ya kumi ambazo yeye na mwenziwe hawakuwa na chakula ila matunda ya mswaki. Fadhala bin Ubayd naye amesimulia kwamba baadhi yao walikuwa wakianguka katika swala kwa udhaifu wa njaa, mpaka mabedui waliokuja mjini wakasema hawa ni wendawazimu. Swala ikiisha Mtume (s.a.w.) aliwageukia na kuwaliwaza.

Hayo ndiyo maisha aliyoyaingia Abu Huraira. Siku moja Mtume (s.a.w.) aligawa tende, kila mtu akapata saba. Katika saba zake Abu Huraira moja ilikuwa kavu, ngumu, mbovu. Akasema hiyo ndiyo iliyompendeza kuliko zote, kwa sababu ilichukua muda mrefu kuitafuna. Siku nyingine, kama alivyopokea Ibn Saad, walipewa tende mbili mbili. Akala moja, nyingine akaificha. Alipoulizwa akasema anamwekea mama yake. Akaambiwa aile, na mama yake atapewa mbili zake. Ndiyo, alikuwa na mama, na alimpenda. Siku za mwanzo mama huyo alikataa Uislamu na kumtaja Mtume (s.a.w.) kwa maneno mabaya, mpaka mwanawe akaenda analia kuomba dua, na dua hiyo ikajibiwa siku ile ile.

Palikuwa na nyumba moja ambayo maskini wa Swuffa waliijua vizuri, ya Ja'far bin Abi Talib. Abu Huraira alikuwa na desturi ya kumwomba mtu amsomee aya ambayo yeye mwenyewe aliijua, ili tu yule mtu amchukue kwake ampe chakula. Ja'far hakuhitaji kufanyiwa hila hiyo. Alikuwa akiwachukua kwake na kuwapa kilichomo ndani, hata mara nyingine akawatolea kiriba cha samli ambacho hakina kitu; nao wakakipasua wakalamba kilichobaki pembeni.

Hila hiyo ya aya ina kisa chake. Siku hiyo Abu Huraira alikuwa amefunga jiwe tumboni kwa njaa. Akakaa kwenye njia wanayopita watu wakitoka msikitini. Akapita Abu Bakr, akamwuliza aya. Abu Bakr akajibu akaenda zake. Akapita Umar, akamwuliza aya. Umar akajibu akaenda zake. Hawa ndio wabora wa umma huu baada ya Mtume wake, na wote wawili walisikia swali la elimu wakalijibu kama swali la elimu. Kisha akapita Mtume (s.a.w.). Alipomwona akatabasamu, na akajua lililomo moyoni mwake na usoni mwake kabla hajasema neno. Akamwambia amfuate.

Nyumbani palikuwa na bakuli la maziwa lililoletwa zawadi. Abu Huraira akaambiwa akawaite watu wa Swuffa. Anasimulia mwenyewe bila kuona haya kwamba jambo hilo halikumfurahisha. Bakuli moja kwa watu wote wale! Alitaraji anywe yeye apate nguvu, na sasa atakuwa yeye ndiye wa kuwagawia, na haoni kitakachobaki. Lakini akaenda akawaita. Wakaja, wakakaa, akawapa mmoja mmoja, kila mmoja akinywa mpaka anatosheka na kulirudisha bakuli. Wakabaki wawili, yeye na Mtume (s.a.w.). Akaambiwa akae anywe. Akanywa. Akaambiwa anywe tena, akanywa, na tena, mpaka akaapa kwamba hapana pa kupitia. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamshukuru Allah, akataja jina Lake, akanywa kilichobaki. Wa mwisho.

Watu wengi wanakisimulia kisa hiki kwa ajili ya muujiza wa maziwa, na ni haki yao. Mimi hunibakia kile cha njiani. Baadaye Abu Huraira alimweleza Umar ukweli wa swali lile, na kwamba aya ile aliijua kuliko yeye. Umar akaapa kwamba lau angemwingiza nyumbani kwake siku ile ingekuwa bora kwake kuliko kumiliki ngamia wekundu.

Na kuna hili la mwisho katika njaa yake. Alikuwa akianguka na kuzimia kati ya mimbari ya Mtume (s.a.w.) na chumba cha Bi Aisha (r.a.). Mtu anakuja anamwekea mguu wake shingoni, akidhani ana wazimu. Wanachuoni wanaeleza kwamba hivyo ndivyo walivyokuwa wakimfanyia mwenye wazimu mpaka azinduke. Kwa hiyo aliyemkanyaga alidhani anamtibu. Abu Huraira anasema hakuwa na wazimu wowote, ilikuwa ni njaa tu.

Hapa ndipo nilipoahidi kueleza sababu yangu.

Mwaka jana palikuwa na mzee aliyelala kwenye baraza ya msikiti tunaoswali sisi wanafunzi, hapa Uganda. Alikuja na katoni yake na mfuko wa plastiki. Mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda kikubwa, amekifunga kitambaa, na harufu yake iliwafanya watu wahame safu ya nyuma. Mara nyingine alizungumza peke yake, na tulisema ana jini, au amevuta kitu. Siku moja mimi na mwenzangu mmoja tulimpandisha bodaboda tukampeleka kituo cha afya. Aliyetupokea aliuliza mambo matatu: anakaa wapi, namba ya simu ya ndugu yake, na nani atabaki naye kumuuguza. Nyote mnajua hospitali zetu zilivyo. Mgonjwa asiye na mtu wa kumletea chakula, kumfulia na kumkimbilia dawa dukani hana wa kumhudumia. Hatukuwa na jibu hata la moja. Nilikuwa na jaribio saa nane. Tukamwacha amekaa kwenye benchi, na jioni tulipokuja kuswali Magharibi alikuwa amesharudi barazani, mguu umefungwa kitambaa kile kile. Hata leo sijui alirudije.

Wiki chache baadaye viatu vikaibiwa, mara ya kwanza jozi mbili, mara ya pili jozi tano. Kamati ya msikiti ikakaa. Hakuna aliyesema ni yule mzee, maana mtu wa mguu ule angekimbia vipi na jozi tano za viatu? Lakini ilionekana ni vizuri baraza iwekewe geti na ifungwe baada ya Isha. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Niliinua mkono kukubali, na kufuli nilikwenda kulinunua mimi. Usiku wa kwanza mzee alikaa nje ya geti, ameegemea nguzo. Asubuhi hakuwapo, wala hajaonekana tena.

Muhula huu ndipo tuliposoma wasifu wa wapokezi wa Hadithi, na mwalimu akatupa kila mmoja mpokezi wa kumtafiti. Mimi nikapewa Abu Huraira. Nilipofika pale kwenye mguu shingoni nilifunga kitabu.

Tena miongoni mwa Hadithi alizozipokea Abu Huraira kuna ile ya mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti, na katika riwaya nyingine ni shaka kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Alikufa usiku, watu wakaliona jambo dogo, wakamzika bila kumwarifu Mtume (s.a.w.). Alipomkosa akamwulizia, akawalaumu kwa kutompa habari, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia. Nilipoisoma mara hii nilitambua kwamba jina la yule mzee sikuwahi kumwuliza.

Turudi kwa Abu Huraira. Watu walipoanza kunong'ona kwamba anazidisha kusimulia, alijibu kwa maelezo ambayo mimi nayaona ni ya ajabu kwa unyoofu wake. Alisema Muhajirina walishughulishwa na biashara sokoni, Answari walishughulishwa na mashamba yao, na yeye alikuwa maskini anayeambatana na Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya kushiba tumbo, basi akahudhuria wasipohudhuria, akahifadhi waliyoyasahau. Ni kama miaka minne tu, kutoka Khaybar mpaka kufa kwa Mtume (s.a.w.) mwaka wa 11. Tunayoyasoma leo kutoka kwake tunayasoma kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda, na pale alipokuwapo hapakufungwa. Imam Bukhari, ambaye amesema kwamba waliopokea kutoka kwa Abu Huraira wanafika watu mia nane, ana mlango katika kitabu chake juu ya wanaume kulala msikitini, na mwingine juu ya mwanamke kulala msikitini. Imam Malik alichukia jambo hilo kwa mwenye makazi yake. Kwa asiye na makazi hakuona ubaya. Nayasema haya kwa sababu katika kikao chetu kuna aliyesema msikiti si nyumba ya wageni, na sote tukanyamaza kama kwamba ametoa dalili.

Baada ya hapo maisha yake yalibadilika upesi. Umar katika ukhalifa wake alimfanya liwali wa Bahrain. Aliporudi ana mali, Umar akamhoji kwa ukali, kama alivyowahoji maliwali wengine. Abu Huraira akaeleza kwamba ni farasi waliozaliana, na pato la mtumwa wake, na zawadi zilizofuatana. Ikaangaliwa ikaonekana ni kama alivyosema. Hata hivyo mali ilichukuliwa, dirham elfu kumi kwa riwaya moja. Kisha Umar akamtaka arudi kazini, na yeye akakataa. Katika zama za Muawiya alikaimu mara kwa mara uliwali wa Madina pale Marwan alipokuwa hayupo. Watu walimwona anapita sokoni amebeba mzigo wa kuni mgongoni, naye ndiye mtawala wa mji siku hiyo, akiwaambia wampishe amiri njia.

Siku moja alikuwa amevaa nguo mbili za kitani zilizotiwa rangi. Akapenga kamasi kwa kitani hicho, kisha akajicheka mwenyewe: Abu Huraira huyu leo anapenga kwa kitani! Na papo hapo akawasimulia waliokuwapo jinsi alivyokuwa akizimia kati ya mimbari na chumba cha Bi Aisha. Mara nyingine alipita kwa watu wenye kondoo wa kuchoma mbele yao, wakamkaribisha, akakataa, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alitoka duniani hajashiba mkate wa shayiri. Nyumbani kwake waliugawa usiku mafungu matatu, yeye, mkewe na mtumishi, mmoja akiswali kisha anamwamsha mwenziwe. Na hakuwahi kwenda Hija mpaka mama yake alipofariki, kwa kutotaka kumwacha.

Alikufa Madina, mwaka wa 57, wengine wamesema 58 au 59, akiwa na umri wa miaka kama 78. Katika ugonjwa wake alilia, na alipoulizwa alisema halilii dunia hii, analilia urefu wa safari na uchache wa masurufu. Akausia asipigiwe hema juu ya kaburi lake, na jeneza lake liharakishwe. Liwali Walid bin Utba akamswalia, akazikwa Baqi'. Alikuwa akikaa Dhul-Hulayfa, na nyumba aliyokuwa nayo Madina aliwapa watumwa wake aliowaacha huru.

Kamati yetu inakaa Alhamisi ijayo baada ya Isha, inshallah. Ajenda iliyotumwa ina spika mpya na rangi ya ukuta. Nimeomba suala la geti liwe la kwanza. Wezi wa viatu wapo kweli, na sitaki kulifanya jambo hilo dogo. Kabati la viatu lenye kufuli linaweza kuwekwa ndani, na fundi ameshanitajia bei. Ninachotaka zaidi ni orodha ya zamu, wawili wawili, wa kumsindikiza mgonjwa asiye na mtu na kubaki naye mpaka alazwe, na jina la mmoja wetu liandikwe pale wanapouliza jina la ndugu. Mpaka sasa tumejiandikisha wanne. Dada mmoja anayesomea uuguzi amekubali kutufundisha namna ya kusafisha kidonda, na amenionya kwamba kidonda kama kile nilichomweleza hakikuwa cha kusafishwa barazani, kilitaka hospitali siku ile ile.

Funguo za geti ziko mbili, mmoja anao muadhini na mmoja ninao mimi. Na ikiwa kuna msomaji yeyote aliyemwona mzee anayechechemea, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, ana katoni na mfuko, karibu na soko au stendi ya mabasi, tafadhali anijulishe, na amwulize jina lake.